Oleg Losev: Tarishi aliyechunguza mwanga baridi, akafa kwa njaa

OLEG Losev, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuchunguza mwanga unaotumika katika taa za LED, alifariki dunia kwa njaa Januari 22, 1942 jijini Leningrad, akiwa na umri wa miaka 38.

Jiji hilo, ambalo leo huitwa St Petersburg, lilikuwa limezingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu Septemba 1941.

Losev alizaliwa mwaka 1903 katika mji wa Tver nchini Urusi. Akiwa bado kijana alikwenda Nizhny Novgorod na kuajiriwa kama tarishi katika maabara ya redio, ambako alijifunza kwa kutazama na kujaribu.

Mwaka 1922 alionyesha kuwa fuwele ya madini, ikiguswa kwa waya mwembamba, huweza kukuza mawimbi ya redio. Ugunduzi huo ulimpatia sifa hadi nje ya nchi yake.

Katika majaribio hayo aliona fuwele za karbaidi ya silikoni zikitoa mwanga hafifu umeme ulipopita. Mwingereza Henry Round alikuwa amekwishatangaza jambo kama hilo mwaka 1907, lakini hakulifuatilia kwa kina.

Losev hakuliacha. Aliweka tone la benzini juu ya sehemu iliyong'aa, akaona halikauki kwa kasi zaidi. Hivyo akahitimisha kuwa mwanga huo haukutokana na joto, kama ule wa balbu za kawaida.

Alieleza kuwa hapo umeme uligeuka mwanga, kinyume cha jambo lililoelezwa na Albert Einstein mwaka 1905, ambapo mwanga huchomoa elektroni kutoka kwenye metali.

Mwaka 1927 aliomba hataza ya kifaa cha kupeleka habari kwa mwanga huo. Makala zake zilichapishwa kwa Kirusi, Kijerumani na Kiingereza, lakini wachache walizitilia maanani.

Mwaka 1938 alitunukiwa shahada ya juu bila kutakiwa kuandika tasnifu. Hata hivyo, miaka yake ya mwisho aliimaliza akifundisha fizikia katika chuo cha tiba jijini Leningrad, hadi vita vilipomkuta.

Ilichukua miaka 20 baada ya kifo chake kabla ya Mmarekani Nick Holonyak kutengeneza taa ya LED ya mwanga mwekundu, mwaka 1962. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura mzaliwa wa Japani, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa taa ya buluu.

Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza na wenzao walitangaza taa zilizotengenezwa kwa perovskaiti, mchanganyiko wa molekuli za kikaboni, risasi na halojeni kama bromini na iodini.

Mchanganyiko huo huyeyushwa na kupakwa mithili ya rangi, na kubadilisha halojeni hubadilisha rangi ya mwanga. Kasoro zake ni kuharibika haraka kwa unyevu na joto, pamoja na sumu ya risasi.

Hata hivyo, msingi ni ule ule aliouona tarishi wa Nizhny Novgorod: umeme kuzaa mwanga ndani ya fuwele, bila kuungojea moto.