Maisha ya Mama Lilian Ngoyi, Mama wa Charahani

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu utakuta hesabu za hisa, safu ya viongozi na habari za siku ile tulipogawana fedha kwa mara ya kwanza. Ukurasa huu ni wa mtu ambaye hakuwa mwanachama wala hakuwahi kufika Liparamba. Alifariki mwaka 1980, wakati sisi wengine tukiwa wasichana wadogo na wengine hatujazaliwa. Hata hivyo kamati ilikubaliana kwa kauli moja kwamba aandikwe, na sababu yake tutaieleza mwishoni.

Habari zake tulizipata kwa binti wa mwenzetu mmoja, ambaye ni mwalimu wa historia. Alikuja likizo akatukuta tuko kwenye kikao chini ya mwembe, tunabishana juu ya charahani. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaomba ruhusa ya mwenyekiti atusimulie maisha ya mama mmoja wa Afrika Kusini. Siku hiyo kikao kilichelewa kwisha mpaka mbuzi wakarudi nyumbani wenyewe.

Afrika Kusini siyo nchi ngeni kwetu watu wa ukanda wa Ziwa Nyasa. Kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 wako babu zetu waliokwenda huko kuchimba dhahabu, safari tuliyozoea kuiita ya Wenela. Wengine walirudi na blanketi na sanduku la bati. Wengine hawakurudi mpaka leo, na bibi zetu walikaa wakitazama njia. Kwa hiyo mwalimu alipotaja Johannesburg kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumkumbuka. Lakini habari za akina mama wa huko, waliofua na kushona na kulea ndani ya mji ule, tulikuwa hatuzijui kabisa.

Mama Lilian Ngoyi alizaliwa Pretoria tarehe 25 Septemba 1911. Mama yake alikuwa akifua nguo za Wazungu kwa ujira, na baba yake alikuwa kibarua. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto alikwenda kupeleka nguo zilizofuliwa katika nyumba ya Mzungu mmoja. Alizuiwa kuingia ndani, lakini mbwa wa nyumba ile akapita mlangoni bila kuulizwa. Jambo hilo hakulisahau. Shule alisoma Kilnerton, shule ya misheni, lakini hakufika mbali kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitu, ikabidi atafute kazi. Hapo sisi tulitazamana, maana wengi wetu tuliishia darasa la saba, na wengine hata hilo hawakulimaliza.

Akaenda Johannesburg, akaanza kujifunza uuguzi katika hospitali ya mgodi. Mwaka 1934 aliolewa na Bwana John Ngoyi, aliyekuwa dereva. Ndoa haikudumu kwa sababu mwaka 1937 mume alifariki, akamwacha na binti mdogo. Basi hapo ndipo maisha yake hasa yanapoanza. Alikuwa mjane wa miaka 26 hivi, ana mtoto na wazazi wa kuwatunza, shamba hana, katika nchi ambayo mtu mweusi hata mahali pa kulala alipangiwa na serikali. Kuna wakati familia yake iliishi Orlando katika vibanda vya magunia, baridi ikiingia kila upande. Anayeijua baridi ya Umatengo mwezi wa saba, afikirie kuipokea nyuma ya gunia.

Kilichomwokoa ni charahani. Kuanzia mwaka 1945 mpaka 1956 alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo. Kushona kiwandani siyo kama kushona kwetu barazani, ambapo mtu mmoja anapima, anakata, anashona na kupiga pasi. Kule huyu anashona mikono tu, yule kola tu, mwingine pindo, kutwa nzima, na msimamizi anahesabu vipande. Lakini Mama Lilian aliipenda kazi hiyo na mkono wake ulikuwa mwepesi. Jioni alirudi nyumbani kama mama mwingine yeyote, kuna chakula cha kupika, mtoto wa kuuliza habari za shule na mzazi mzee wa kuhudumia. Baadaye alichukua na mtoto mwingine wa kumlea kama wa kwake. Sisi tunaolea wajukuu na watoto wa ndugu waliotangulia tunajua uzito wa jambo hilo.

Kiwandani ndipo alipojifunza umoja. Alijiunga na chama cha wafanyakazi wa nguo, akaona kwamba mshonaji mmoja akidai mshahara anafukuzwa, lakini wakidai wote tajiri anakaa chini kuzungumza. Mwaka 1952 akaingia katika chama cha ANC, wakati wa kampeni ya kukataa sheria za ubaguzi, akakamatwa kwa kuingia upande wa Wazungu katika posta. Akachaguliwa kuongoza umoja wa wanawake wa chama hicho. Mwaka 1954 akina mama wa rangi zote waliunda shirikisho lao, na yeye alikuwa miongoni mwa viongozi, baadaye akawa rais wake.

Mwaka 1955 ulifanyika mkutano mkuu wa akina mama wa dunia katika mji wa Lausanne, nchi ya Uswisi. Mama Lilian alichaguliwa kwenda pamoja na Mama Dora Tamana. Pasipoti hawakuwa nazo, kwa kuwa serikali ile isingewapa. Wakaondoka hivyo hivyo kwa siri, wakafika. Kutoka hapo akatembelea nchi nyingine mpaka Urusi na Uchina. Fikiria, mshona nguo wa kiwandani, mjane, anasimama mbele ya akina mama wa dunia kueleza habari za watoto wa kwao. Aliporudi, alirudi nyumba ile ile na shida zile zile.

Wakati huo serikali ilikuwa inawalazimisha wanawake weusi kubeba pasi, ambayo sisi hapa tungeiita kipande, kama kile walichobebeshwa babu zetu wakati wa ukoloni. Ukikutwa barabarani huna, unapelekwa jela, na mtoto anabaki amefungiwa ndani hajui mama yuko wapi. Akina mama walikataa. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 walikwenda Pretoria, mpaka kwenye majengo ya serikali. Walitoka sehemu zote za nchi, wengine wamebeba watoto mgongoni, wengi wamevaa blauzi za kijani na nyeusi za chama, na akina mama wa Kihindi wamevaa sari. Mbele walikuwa Mama Lilian, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophia Williams, yaani mweusi, Mzungu, Mhindi na chotara, wamechukua mafungu ya karatasi zenye sahihi. Mama Lilian akagonga mlango wa Waziri Mkuu Strijdom. Hakuwepo. Wakaacha karatasi zao pale, wakarudi nje, na umati wote ukasimama kimya nusu saa nzima. Wanawake 20,000 na watoto wao kimya nusu saa! Sisi thelathini tukiambiwa tunyamaze dakika tano mweka hazina ahesabu fedha, hatuwezi.

Mwezi Desemba mwaka huo huo alikamatwa pamoja na viongozi wengine, jumla watu 156, wakashitakiwa kwa uhaini. Kesi ilivuta mpaka Machi 1961 ndipo waliobaki wakaachiwa, hawana hatia. Kumbuka kwamba miaka yote hiyo nyumbani kulikuwa na watu wanaotaka kula. Mwaka 1960, wakati wa hali ya hatari, aliwekwa ndani miezi mitano. Na baadaye katika miaka hiyo hiyo ya 1960 alifungiwa chumba cha peke yake siku 71.

Halafu ikaja adhabu ambayo kwa maoni yetu ni mbaya kuliko zote. Mwaka 1962 alipigwa marufuku. Maana yake haikuwa jela. Aliamriwa asitoke nje ya Orlando, asihudhurie mkutano wowote, asizungumze na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, na maneno yake yasichapishwe popote. Amri hiyo ilikaa miaka kumi, ikaisha mwaka 1972, na mwaka 1975 akawekewa tena. Mtu ambaye 20,000 walimfuata alizuiwa kukaa na wawili.

Akabaki na charahani yake. Ndani ya kile kinyumba chake cha Orlando aliwashonea watu nguo, na fedha hiyo ndiyo iliyonunua unga na kulipa kodi ya nyumba. Kazi ya nguo inataka watu, na kila fundi anajua hivyo. Mteja mmoja anakuja kupima, anamleta shoga yake, shoga anamleta dada yake, wanakaa kibarazani wanasifu mshono, na kesho umepata kazi tatu. Yeye alizuiliwa kibaraza hicho. Watu kuogopa kuonekana nyumbani kwa mtu anayefuatwa na polisi lilikuwa jambo la kueleweka. Kwa hiyo shida ya fedha haikumtoka. Katika miaka ya 1970 aliandikiana barua na mama mmoja wa Uingereza wa shirika la Amnesty International, na ndani yake alieleza mambo ya nyumbani, jinsi anavyoshona na jinsi anavyohangaika. Barua hizo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand.

Mama Lilian alifariki tarehe 13 Machi 1980, akiwa na miaka 68, moyo ukimsumbua, na marufuku ilikuwa bado haijaisha. Alizikwa katika makaburi ya Avalon, Soweto. Uhuru wa nchi yake, uchaguzi wa mwaka 1994, hakuuona. Lakini mwaka 1982 ANC ilimpa heshima yake kubwa, naye akawa mwanamke wa kwanza kupewa. Tarehe 9 Agosti sasa ni sikukuu ya wanawake Afrika Kusini, na huko Pretoria uwanja uliokuwa na jina la yule Strijdom ambaye hakufungua mlango umepewa jina la Lilian Ngoyi. Mwalimu alipofika hapo tulipiga vigelegele.

Sasa tueleze ile sababu. Siku mwalimu alipotukuta tulikuwa tunabishana kuuza charahani ya mwanachama mwenzetu. Alikuwa mjane, alikopa ili alipe matibabu ya mtoto, akashindwa kurejesha miezi mitatu, nasi kwa kufuata katiba tukamchukulia charahani yake tukaiweka nyumbani kwa mweka hazina. Tangu siku hiyo hakuja tena kikaoni. Akikutana nasi kisimani anainamisha uso. Tulikuwa tunajiona tumefanya haki, kumbe tulimnyang'anya vitu viwili kwa mkupuo: kazi ya mikono yake na kukaa na wenzake. Kule Afrika Kusini serikali ya makaburu, pamoja na ukali wake wote, ilimwachia Mama Lilian angalau charahani.

Hakuna aliyesema mengi baada ya hadithi ile. Mama mmoja mzee akasimama, akaingia ndani kwa mweka hazina, akatoka na kile kichwa cha charahani amejitwika. Wengine wakabeba meza na kanyagio. Tukaongozana wote mpaka kwa mwenzetu. Alipotuona tumejaa uani alidhani tumekuja kuchukua na mabati. Tukamwomba radhi, tukapanga naye alipe kidogo kidogo kwa kushona sare za shule za watoto wetu. Deni lile alilimaliza kabla ya mgawanyo wa mwaka uliofuata. Na katiba tukaibadilisha: kikundi hakitachukua chombo cha kazi cha mwanachama, iwe charahani, jembe, sufuria ya maandazi wala wavu. Kwanza tutakwenda nyumbani kwake kuuliza kuna nini.

Jambo la pili tulilojifunza ni hili. Siku hizi baadhi yetu tumeanza kutuma hisa kwa mtoto au kwa simu, hatuji kikaoni, tunasema kazi nyingi. Tusemezane ukweli akina mama. Fedha kwenye sanduku lile la kufuli tatu inaweza kuhesabiwa na mtu mmoja. Lakini kujua kwamba mwenzako mtoto ni mgonjwa, au ana kitambaa hana uzi, kunataka kukaa pamoja. Yuko mama aliyekatazwa kukaa na watu wawili kwa miaka mingi, akafa akishona peke yake. Sisi hakuna anayetukataza.

Kwa hiyo Jumamosi saa tisa alasiri, chini ya mwembe ule ule, kila mwanachama aje mwenyewe. Anayeshona aje na nguo yake apinde huku tunaendelea na kikao. Hatutamtoza faini.