John Kemeny: Mwalimu wa Hisabati Aliyewafungulia Wanafunzi Kompyuta

Katika makala haya tunaeleza maisha ya John Kemeny, mtaalamu wa hisabati aliyetaka kila mwanafunzi, hata asiyesomea sayansi, aweze kutumia kompyuta.

Kemeny alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1926, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1940 alihamia Marekani. Akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, alipelekwa Los Alamos kusaidia kukokotoa hesabu za bomu la atomiki. Baadaye alikuwa msaidizi wa Einstein, na mwaka 1949 alipata shahada ya udaktari.

Mwaka 1953 alianza kufundisha katika Chuo cha Dartmouth, kwenye mji mdogo wa Hanover, mbali na majiji makubwa. Wakati huo kompyuta zilikuwa za wataalamu wachache. Mtumiaji alitoboa kadi, akazikabidhi kwa wahudumu wa mashine, kisha akangoja majibu kwa saa nyingi. Kemeny na mwenzake Thomas Kurtz, wakisaidiwa na wanafunzi wao, walibuni mfumo uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, pamoja na lugha nyepesi iitwayo BASIC. Kazi hiyo ilifaulu alfajiri ya tarehe 1 Mei, 1964. Tangu hapo wanafunzi wa hisabati wa mwaka wa kwanza walifundishwa kuandika programu, na baadaye shule za sekondari ziliunganishwa na mashine hiyo kwa nyaya za simu.

Kemeny alikuwa mkuu wa chuo hicho tangu 1970 hadi 1981, lakini hakuacha kufundisha. Alifariki mwaka 1992.

Aliamini kuwa mwanafunzi anayeielekeza kompyuta hulazimika kwanza kuelewa vizuri hatua za kazi yake, kwani mashine haikisii. Nchini mwetu Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na walimu wengi wa miaka hiyo walihitimu bila kuigusa. Hata hivyo fikra ya Kemeny haingoji umeme. Mwalimu wa shule ya msingi hapa Songea aweza kuwaagiza wanafunzi waandike ubaoni hatua za kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika cha 18 na 12: toa namba ndogo katika kubwa, rudia kwa namba ndogo na tofauti iliyopatikana, acha zinapolingana. Kisha mwanafunzi mmoja azifuate hatua hizo bila kuongeza lake. Akikwama, darasa litaona ni hatua gani iliyokosekana.