Albert Howard, muzungu aliyesomeshwa na wakulima

Kila asubuhi ku Kolwezi tunaona jambo moja: maganda ya mihogo, mabaki ya bukari, majani ya matembele yaliyooza, vyote vinatupwa kwenye mufereji ao vinachomwa kando ya balabala pamoja na masashe ya plastiki. Kisha mwezi mmoja, mama yule yule aliyetupa anatafuta franga za kununua mbolea ya mufuko kwa bustani yake. Ni juu ya ile mambo tunawaelezea leo, ndugu wafanyakazi, maisha ya Albert Howard.

Alizaliwa Uingereza tarehe 8 Desemba 1873, mutoto wa mulimaji wa Shropshire. Alisoma sayansi London na Cambridge, halafu serikali ikamutuma kisiwa cha Barbados kuchunguza magonjwa ya miwa na kakao. Kule ndiko alianza kuona kasoro ya kazi yake: alikuwa anatoa mashauri kwa wakulima, lakini yeye mwenyewe hakuwa na shamba. Sisi wa migodi tunawajua watu wa namna hiyo. Wanaandika ripoti juu ya karieri ambamo hawajashuka hata siku moja.

Mwaka 1905 alienda India, pahali paitwapo Pusa. Bibi yake Gabrielle Matthaei, naye mutu wa sayansi ya mimea, alifanya kazi pamoja naye, na bila yeye kazi ile haingefika mbali. Safari hii Howard aliomba ardhi na ng'ombe wake. Wakulima wa karibu hawakuwa na dawa yoyote ya kunyunyiza, tena mimea yao ilikuwa na afya. Basi akaacha kuwafundisha, akaanza kuwatazama. Hata wadudu aliwahesabu kama walimu: mududu akishambulia mumea, alisema moyoni kwamba kuna kitu kimepunguka mu udongo. Ng'ombe wake, waliolishwa majani ya udongo wenye nguvu, waligusana pua na ng'ombe wa jirani wenye ugonjwa wa midomo na miguu, na hawakuupata.

Kati ya 1924 na 1931 aliongoza kituo cha utafiti ku Indore. Pale ndipo alitengeneza ile mbolea inayoitwa kwa jina la muji huo. Hakuivumbua toka hewani: Wachina na Wahindi walikuwa wanarudisha takataka shambani tangu zamani. Yeye alipanga vipimo. Mu shimo lisilo refu aliweka tabaka za mabua na majani makavu, majani mabichi, mavi ya ng'ombe, udongo wenye mukojo wa ng'ombe na majivu ya kuni, kisha maji kidogo. Fungu linapata moto wenyewe, kama digri 65, kwa sababu vijidudu visivyoonekana vinakula. Vinahitaji hewa, kwa hiyo fungu linageuzwa mara tatu. Kisha siku 90 linakuwa udongo mweusi usionuka.

Kitu kingine kinatugusa sisi wa sindika. Ku Indore viwanda vya pamba vilimunyang'anya wafanyakazi. Howard hakulalamika kwamba watu ni wavivu. Alilipa mushahara kwa wakati, akapunguza masaa ya kazi, akawapa nyumba nzuri na matunzo ya ugonjwa, na kazi ikaenda vizuri kuliko mbele. Mwaka 1931 aliyaandika mambo hayo kwa gazeti la Shirika la Kimataifa la Kazi. Lakini tuseme ukweli: alikuwa mutumishi wa ukoloni, na kitabu chake cha mwaka ule kuhusu mbolea kiko na majina mawili tu, lake na la Yeshwant Wad. Waliogeuza mafungu hawamo.

Mwaka 1933 mbolea ya Indore ilifika Afrika yetu, ku shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Nairobi. Mwaka 1934 Howard alipewa cheo cha Sir, na mwaka 1940 akatoa kitabu kikubwa kilichowachukiza wauzaji wa mbolea za chumvi. Gabrielle alikuwa amekufa mwaka 1930; dada yake Louise, aliyefanya kazi ku lile Shirika la Kazi, alikuwa bibi wa pili wa Howard. Howard alikufa tarehe 20 Oktoba 1947.

Ku parseli zetu hatuna ng'ombe. Lakini mavi ya kuku ao ya mbuzi yanatosha, pamoja na maganda ya jikoni, majani makavu ya miembe na majivu kidogo ya makala. Nyama na samaki hapana, vinaita panya. Wakati wa mvua funika fungu, maji mengi yanaliozesha vibaya likaanza kunuka. Wakati wa kiangazi linyweshe. Na udongo unaochanganya usitoke ku mabaki ya mugodi: mbolea inaongeza nguvu ya udongo, haiondoi shaba wala kobalti. Mama akivuna lengalenga, aoshe vumbi kwa maji safi mbele ya kupika.