Georg Simon Ohm, Mtoto wa Fundi wa Kufuli

Katika namba hii tunataka kuwaeleza maisha ya mtu ambaye jina lake tunalitaja kila juma ndani ya darasa la fizikia bila kujua alikuwa nani. Wengi wanafikiri ohm ni neno tu, kama vile mita ao kilo. Hapana. Ohm alikuwa mtu, na tena alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, mwenye mshahara kidogo na madarasa yaliyojaa watoto.

Sababu ya kumchagua yeye ni hizi taa ndogo za ledi ambazo wanafunzi wengi wa internati wanajifungia wenyewe kwa masomo ya usiku, kwa batri ya simu iliyokufa ao batri ya pikipiki. Sisi makapita tunazunguka kila usiku, tunaona: leo taa inawaka kali kabisa, kesho kutwa imekuwa nyeusi. Watu wanasema ledi za soko ni mbaya. Mara nyingi ledi haina kosa, imekosa rezistansi. Na batri yenyewe ikipata moto karibu na godoro, hiyo si mchezo tena.

Basi tuanze na mtu.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika muji wa Erlangen, ambao leo uko Ujerumani. Jamaa yao ilikuwa ya Kiprotestanti. Baba, Johann Wolfgang, alikuwa fundi wa kufuli. Mama, Maria Elizabeth, alikuwa binti wa fundi cherehani. Walizaa watoto saba, lakini watatu tu ndio waliokomaa: Georg, mdogo wake Martin, na dada yao Elizabeth Barbara. Mama naye akafa wakati Georg alikuwa na miaka kumi.

Huyu baba ndiye anayetushangaza. Hakusoma shule kubwa, alijifundisha mwenyewe kwa vitabu, akafika mbali sana katika hesabu. Kisha akafundisha vijana wake nyumbani, pembeni ya tupa na nyundo, hata wakapita yale waliyopewa shuleni. Profesa mmoja wa Erlangen aliwapima wale ndugu wawili akashangaa, akawalinganisha na jamaa ya Bernoulli, wale Waswisi waliojulikana Ulaya nzima kwa hesabu. Martin naye alikuja kuwa profesa wa hesabu.

Mwaka 1805 Georg akaingia universite ya Erlangen. Na pale, wandugu, alifanya kama vile vijana wengi wanavyofanya wakipata uhuru: dansi, biliardo, kuteleza juu ya barafu. Baba alikasirika sana kuona feza na bahati vinapotea, nafasi ambayo yeye mwenyewe hakuipata. Kisha miezi kumi na nane hivi, Georg akaacha masomo, akatumwa Uswisi kufundisha hesabu katika shule moja ya Gottstadt, karibu na Nidau. Ilikuwa Septemba 1806. Alikuwa na miaka 17, ni kusema mdogo kuliko sisi wa mwaka wa sita, na tayari anashika chaki mbele ya wengine.

Mwaka 1809 akaenda Neuchâtel kufundisha watoto nyumbani mwao, na saa zilizobaki akasoma hesabu peke yake. Akarudi Erlangen mwaka 1811, na tarehe 25 Oktoba ya mwaka ule akapata dokta. Lakini digrii haikumpa chakula. Alifundisha kidogo pale universite, akaona mshahara hautoshi kuishi, akaondoka. Tangu Januari 1813 alifundisha Bamberg katika shule ambayo haikuwa na sifa. Mwaka 1816 ikafungwa, akapelekwa katika shule ingine ya muji ule ule, iliyojaa wanafunzi kupita kiasi. Mwalimu yeyote wa kwetu anaweza kumwelewa.

Mlango ulifunguka mwaka 1817. Aliitwa Cologne, katika shule ya zamani ya Wajezuiti. Yeye alikuwa Mprotestanti, lakini tunaona hiyo haikumzuia kazi. Na pale kulikuwa na kitu ambacho hakukipata Bamberg: chumba cha fizikia chenye vyombo.

Tukumbuke wakati ule umeme ulikuwa kitu kipya. Volta, Mwitalia, alitangaza pile ya kwanza mwaka 1800. Mwaka 1820 Ørsted, wa Denmark, akaona ya kwamba waya unaopita umeme unageuza sindano ya sumaku. Watu wote walikimbilia kufanya maajabu, lakini hakuna aliyejua vizuri umeme ngapi unapita ndani ya waya fulani, na kwa sababu gani. Ohm akataka kupima. Mwana wa fundi alijua kutumia mikono yake, basi vyombo vingi alijitengenezea mwenyewe. Alitundika sindano ya sumaku juu ya waya, na kadiri umeme ulivyozidi ndivyo sindano ilivyogeuka.

Mara ya kwanza, mwaka 1825, alipata hesabu isiyo ya kweli, na aliitangaza. Kosa lilikuwa kwa pile. Mapile ya siku zile yalikuwa yanachoka upesi. Unaanza kupima, nguvu inashuka, unapima tena, imeshuka zaidi. Utapima nini hapo? Poggendorff, aliyechapisha gazeti kubwa la fizikia, akamshauri kuacha pile na kutumia jambo ambalo Seebeck alilivumbua mwaka 1821: ukiunga metali mbili, upande mmoja ukiwa moto na upande mwingine baridi, umeme unatembea. Ohm akaunga shaba na bismuti. Upande mmoja akautia katika maji yanayochemka, upande mwingine katika barafu. Maji yakichemka hayapandi tena moto, na barafu ikiyeyuka haibadilishi baridi yake. Kwa hiyo nguvu ikatulia. Tunaona hii ndiyo akili kubwa ya kazi yake yote, kuliko hata ile formule. Alitafuta kwanza kitu kisichoyumba, ndipo akapima.

Mwaka 1826 akachukua waya nane za shaba za unene mumoja, ya kwanza ikiwa na inchi 2 na ya mwisho inchi 130, akaziweka moja moja. Waya ukiwa mrefu, umeme unapungua, na unapungua kwa mpango, si ovyo ovyo. Mwaka 1827 akatoa kitabu Berlin juu ya hesabu za njia ya umeme, na ndani yake mna sheria tunayoijua sote: nguvu ya kusukuma, yaani volti, ukiigawanya kwa rezistansi, unapata umeme unaopita, yaani ampere.

Wale wa darasa la chini wafikiri maji ya Butembo. Tangi iko juu ya kilima, robine iko bonde. Kilima kikiwa kirefu, maji yanasukumwa kwa nguvu: hiyo ni volti. Bomba likiwa jembamba, maji yanapita kidogo: hiyo ni rezistansi. Maji yanayojaza bidoni kwa dakika moja, hiyo ni ampere. Ohm mwenyewe aliwaza kwa mufano wa joto linalopita ndani ya chuma, lakini wa maji ni rahisi kwetu.

Sasa turudi kwa ledi kidogo, maana hapa kuna mtego. Ledi haifuati sheria ya Ohm. Rezistansi inaifuata, ledi hapana. Ledi nyekundu inataka karibu volti 2, nyeupe karibu volti 3. Chini ya hapo haiwaki. Juu ya hapo, ukiongeza volti kidogo tu, umeme unaongezeka sana kwa mara moja, na ledi inaungua. Zile ndogo za kawaida hazipendi kupita miliampere 20. Na 10 ao 15 zinatosha kusomea. Kwa hiyo tunaweka rezistansi mbele yake, ibebe zile volti zinazobaki na kufunga bomba.

Hesabu ni hii. Chukua volti za batri, ondoa volti za ledi, gawanya kwa ampere unazotaka. Tuseme batri ya pikipiki, volti 12, na ledi moja nyeupe. 12 kutoa 3 inabaki 9. Tunataka miliampere 15, ni kusema 0.015 ampere. 9 kugawanya kwa 0.015 ni ohm 600. Ya 600 hutaipata sokoni kwa urahisi. Panda kwa ile inayofuata, 680. Kupanda taa inapunguka kidogo tu, kushuka kunaua. Ni vizuri pia kujua ya kwamba motere ikinguruma, batri ile inafika volti 14. Ondoa 3, inabaki 11. Gawanya kwa 680, ni miliampere 16. Bado salama. Na moto wa rezistansi: volti 11 mara 0.016 ampere ni karibu wati 0.18, basi ile ndogo ya robo wati inavumilia, hata kama utaisikia ina joto.

Lakini huko ni kupoteza. Volti 9 kati ya 12 zinaisha kwa kupasha rezistansi joto. Afazali kufunga ledi nyeupe tatu mfululizo, moja nyuma ya ingine. Tatu zinakula 9, inabaki 3. 3 kugawanya kwa 0.015 ni 200. Mtu mwenye haraka atachukua ya 220 aseme imekwisha. Apime tena kwa volti 14: inabaki 5, na 5 kwa 220 ni karibu miliampere 23. Imepita. Ya 330 ndiyo njema: pikipiki ikisimama inapita 9, ikitembea inapita 15. Msifunge ledi nne nyeupe mfululizo kwa batri ya 12, maana hakuna volti inayobaki kwa rezistansi, na bila hiyo hakuna anayelinda mlango.

Batri ya simu iko na volti 3.7, ikijaa 4.2. Hesabu kwa ile iliyojaa, kwani ndiyo ya hatari. 4.2 kutoa 3 ni 1.2, kwa miliampere 20 ni ohm 60, basi chukua ya 68. Kama unafunga ledi kadha pembeni pembeni, kila moja iwe na rezistansi yake. Wakitumia moja kwa wote, ile inayokula sana inaungua kwanza, kisha wenzake wanafuata. Na waya mbili za batri ya simu zisigusane hata kidogo. Mguu mrefu wa ledi unaenda upande wa kujumlisha.

Stensili yetu haitoi rangi, kwa hiyo tunaandika majina. Rezistansi za mistari mine: ya 68 ni bulu, kijivu, nyeusi. Ya 680 ni bulu, kijivu, kahawia. Ya 330 ni machungwa, machungwa, kahawia. Ule mstari wa mwisho, mara nyingi wa zahabu, unaonyesha tu kama inaweza kupotoka asilimia 5. Zote zinapatikana ndani ya maposti ya radio yaliyokufa, na hayo hayakosi Butembo wala Beni.

Tulimwacha Ohm mwaka 1827. Alikuwa ametumaini kitabu kile kitampa kiti cha universite. Hakikumpa. Kilikuwa na hesabu nyingi, na watu wengi wa fizikia wa kwao hawakuzoea kuona umeme umefungwa ndani ya hesabu. Wengine walikipinga wazi. Mwaka 1828 akaacha kazi ya Cologne. Alikuwa na karibu miaka 40, bila mke, bila cheo. Akafundisha hesabu saa chache Berlin, akaishi hivyo hata mwaka 1833, alipopata nafasi katika shule ya ufundi ya Nuremberg.

Heshima ilitoka inje. Mwaka 1841 Royal Society ya London ikampa medali ya Copley, iliyo kubwa kuliko zote kwao, na mwaka uliofuata wakamfanya memba. Hapo ndipo na kwao wakaanza kumwona. Mwaka 1852 akapewa kiti cha profesa wa fizikia katika universite ya Munich, kile alichokitafuta tangu kijana. Alikikalia miaka miwili tu. Alikufa Munich tarehe 6 Julai 1854, na miaka 65.

Mwaka 1881 wataalamu wa umeme wa inchi nyingi walikutana Paris na kukubaliana majina ya vipimo. Volti ikatoka kwa Volta, ampere kwa Ampère, na rezistansi ikapewa jina la mwana wa fundi wa kufuli. Alama yake ni Omega, herufi ya mwisho ya Wagiriki, kwa sababu ukiandika O baada ya namba watu wataisoma sifuri.

Wenye maposti mabovu wanaombwa kuweka rezistansi zao ndani ya mkebe ulio mbele ya chumba cha fizikia. Tutazipanga kwa rangi siku ya posho baada ya saa sita.