George Anyona, Mgombea Nambari Tano

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Historia aliandika ubaoni matokeo ya urais ya mwaka wa 1992. Watu wanane walikuwa wamesimama. Alipofika nambari tano, George Moseti Anyona wa Kenya Social Congress, kura 14,000 hivi kati ya zaidi ya milioni 5, darasa zima lilicheka. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu hakunikaripia. Alinituma tu nikayatafute maisha ya mtu huyo niyaandike humu.

Anyona alizaliwa 1945 huko Kisii, akasoma Alliance na Makerere. Mwaka wa 1974 akachaguliwa mbunge wa Kitutu Mashariki. Mdomo wake haukuwa na breki. Aliuliza mambo ambayo wenzake waliyaogopa, kama vile zabuni ya mabehewa ya reli. Mwaka wa 1977 akatiwa kizuizini bila kesi, akatoka mwishoni mwa 1978, Mzee Kenyatta akiwa tayari amefariki. Mwaka uliofuata KANU ikamzuia kugombea, na ukinyimwa na KANU siku hizo hukuwa na pa kwenda.

Basi mwaka wa 1982 yeye na Jaramogi Oginga Odinga wakataka kuanzisha chama cha pili. Wacha! Alirudishwa kizuizini, na Juni mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria kwamba chama ni kimoja tu. Alitoka 1984. Mwaka wa 1990 akashikwa tena na wenzake watatu, mmoja wao Njeru Kathangu wa hapa jirani, Embu. Walihukumiwa miaka saba kwa uchochezi. Walitoka kwa dhamana mapema 1992.

Sasa piga hesabu. Mtu anatoka jela mwanzo wa mwaka, na Desemba 29 jina lake liko kwenye karatasi ya urais, karatasi yenye vyama vingi, kitu kilekile alichofungiwa. Sheria ilitaka rais awe pia mbunge, kwa hivyo aligombea ubunge wa Kitutu Masaba vilevile, akashinda. Bungeni chama chake kilikuwa yeye peke yake.

Babu yangu, anayeuza ndizi hapa sokoni Mitunguu, aliniambia kwamba alimpenda Anyona sana, ila siku ya kura alimpigia mpinzani mwingine mkubwa, eti kura isipotee. Huyo mkubwa naye akashindwa, maana wapinzani waligawana kura na Moi akapita kwa asilimia 36 hivi. Babu alicheka kidogo halafu akanyamaza.

Anyona alijaribu tena 1997 akapata kura 16,000 na ushei. Mwaka wa 2002 alipoteza kiti cha ubunge, na Novemba 2003 akafa katika ajali ya gari.

Katika daftari langu la Historia nilikuwa nimeandika Anyonya, kwa mzaha. Nimefuta.