Maisha ya Daktari John Kirk

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za maaskofu na mapadre waliotutangulia. Safari hii tumeona vyema kumweleza mtu ambaye hakuwa padre, bali daktari, mume na baba wa watoto. Jina lake ni John Kirk. Wengi wetu hapa Mwanakwerekwe tumekwenda Mbweni kwa ibada au kwa mazishi, nasi tumepita karibu na mahali alipokuwa na nyumba na bustani yake, pengine bila kumjua.

Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 huko Barry, karibu na Arbroath, nchi ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji. Alisoma utabibu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh akahitimu mwaka 1854. Pamoja na utabibu alipenda sana elimu ya mimea, na mapenzi hayo hayakumtoka mpaka kufa kwake.

Alipohitimu tu, Uingereza ilikuwa katika vita vya Crimea dhidi ya Urusi. Askari walikuwa wakifa kwa wingi, na wengi zaidi waliuawa na maradhi kuliko risasi. Kirk alijiunga na madaktari waliopelekwa Renkioi, nchi ya Uturuki, kwenye hospitali ya mbao iliyojengwa kwa ajili ya askari. Mpango wa hospitali ile ulizingatia zaidi hewa ya kutosha, maji safi na njia za kuondoa uchafu. Kati ya wagonjwa kama 1,300 waliotibiwa pale, waliofariki ni kama 50 tu. Nasi twaona kwamba funzo lile lilikuwa kubwa kwa daktari kijana: dawa ni njema, lakini ni bora zaidi kuondoa kile kinacholeta ugonjwa.

Mwaka 1858 alichaguliwa kufuatana na David Livingstone katika safari ya mto Zambezi, akiwa tabibu na mtaalamu wa mimea. Safari ile ilikuwa ya taabu. Mwaka 1860 mtumbwi wake ulipatwa na ajali katika maporomoko ya Kebrabasa, akapoteza maandishi na michoro yake mingi. Mwezi Julai 1861 alikuwamo katika msafara uliowafungua watumwa katika milima ya Shire, na watu wale ndio waliokaa na Askofu Mackenzie huko Magomero, mwanzo wa Misheni yetu ya UMCA. Mwezi Aprili 1862 alimwuguza Bibi Mary Livingstone pale Shupanga, asiweze kumponya. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alirudishwa kwao akiwa mgonjwa.

Wengi wangeapa wasirudi tena Afrika. Yeye alirudi. Mwaka 1866 alikuja Unguja kuwa daktari wa ofisi ya balozi wa Uingereza, na mara akapewa pia kazi ya naibu wa balozi. Mchumba wake, Helen Cooke, alivuka bahari akamfuata, nao wakaoana mwaka 1867. Nyumba ya ubalozi wakati ule ilikuwa Shangani, kando ya bahari. Humo Bibi Helen alianza maisha ya ndoa, mbali na mama na ndugu zake, katika mji wenye homa nyingi.

Tuseme kidogo juu ya mji ule. Soko la watumwa lilikuwa Mkunazini, mwendo wa dakika chache tu kutoka Shangani. Majahazi kutoka bara yalishusha watu waliodhoofika kwa njaa na ndui. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia kikaua maelfu, na mwezi Aprili 1872 tufani kubwa ikaangusha nyumba, minazi na mikarafuu. Kirk na mkewe walilea watoto katika mji huo huo ambamo watoto wa wengine walipangwa mistari sokoni, wakakaguliwa meno na miguu kama ng'ombe. Mzazi yeyote apimaye jambo hili moyoni ataona uzito wake.

Daktari angeweza kufunga vidonda vya mtumwa mmoja leo na mwingine kesho, na jahazi jipya likaleta mia. Ilikuwa kama kuwatibu askari huku maji machafu yakiendelea kunywewa. Kirk alikusanya habari: majahazi mangapi, kutoka bandari zipi, kwa hesabu gani. Alipoachiwa kazi ya ubalozi, alizipeleka habari hizo London mwaka baada ya mwaka.

Mapema mwaka 1873 mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alikuja kumtaka Sultani Barghash aufunge mlango wa biashara hiyo. Sultani alikataa, kwani mapato na raia zake wakubwa vilitegemea utumwa. Frere akaondoka mikono mitupu. Kazi ikabaki kwa Kirk, ambaye alikifahamu Kiarabu na alikuwa amejuana na Sultani kwa miaka. Aliamriwa kumwambia kwamba manowari zitakizingira kisiwa asipokubali. Tishio lilikuwa la kweli, lakini Kirk alilifikisha kwa mazungumzo ya subira, wala bunduki haikulia. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ulitiwa saini, na soko likafungwa. Kabla mwaka haujaisha, siku ya Krismasi, msingi wa Kanisa Kuu la Kristo uliwekwa pale pale Mkunazini. Utumwa wenyewe Unguja haukukomeshwa kwa sheria hadi mwaka 1897, lakini shina lilikuwa limekatwa.

Watu waliookolewa majahazini walipewa makazi Mbweni, katika shamba la Misheni, na kanisa la Mtakatifu Yohana likawekwa wakfu huko mwaka 1882. Kirk naye alikuwa na nyumba Mbweni, akapanda miti na mimea ya nchi nyingi. Jina lake limebaki pia katika elimu ya wanyama: kima punju wetu wa Jozani kwa wataalamu hubeba jina la Kirk.

Hatuna budi kusema na upande wa pili. Mwaka 1885 Wajerumani walizidai nchi za bara ambazo Sultani Barghash alizihesabu zake, na manowari zao zikaja mbele ya mji. Barghash alimtazamia rafiki yake amsaidie. Serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kukubaliana na Ujerumani, na Kirk alitii serikali yake, akamshauri Sultani akubali. Mtu aliyemtaka Barghash atoe kilicho kikubwa mwaka 1873 hakuweza kumlinda miaka kumi na miwili baadaye. Kirk aliondoka Unguja mwaka 1886, na Barghash akafariki mwaka 1888.

Kirk alistaafu Sevenoaks, Uingereza, pamoja na Bibi Helen na watoto wao. Mwana wao wa kiume alikuwa mwanajeshi, naye akaandika kitabu cha sarufi ya Kisomali na kingine juu ya mimea ya bustani, hivyo twaona alilolirithi kwa baba. Jambo moja zaidi twalisifu. Katika safari ya Zambezi Kirk aliandika shajara yenye lawama kali juu ya Livingstone. Baadaye, Stanley alipomshutumu mbele ya dunia kwamba amempuuza Livingstone, angeweza kuitoa shajara ile ajitetee. Hakuitoa. Mwezi Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliolisindikiza jeneza la Livingstone katika Westminster Abbey, pamoja na Stanley huyo huyo na Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekombolewa utumwani. Shajara ilichapwa mwaka 1965, wote wakiwa wamekwisha kufa.

Bibi Helen alifariki mwaka 1914, baada ya ndoa ya miaka arobaini na saba. Macho ya mzee yalififia hata akawa karibu kipofu. Alifariki tarehe 15 Januari 1922, mwenye umri wa miaka 89.

Ndugu zetu, hatukumweleza Kirk ili tumfanye mtakatifu. Alikuwa mtumishi wa dola, na dola zina mambo yake. Lakini wazee wa waumini wengi wa Mbweni walifika pale kwa sababu majahazi yalikamatwa na soko likafungwa. Sisi nasi tuna vidonda vya kufunga katika mtaa wetu: mtoto asiyepelekwa shule, mjane anayedhulumiwa shamba, kijana aliyeingia ulevini. Sadaka tunayotoa ni njema. Baada ya kuitoa, tuulize pia jahazi linatoka bandari gani.