Bibi Titi Mohamed na Katiba ya Mwaka 1965

Ndugu zetu wa Salale na vijiji vyote vya delta ya Rufiji wana sababu ya pekee ya kumkumbuka Marehemu Bibi Titi Mohamed, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akasomeshwa Qur'ani utotoni, na sauti yake ilijulikana katika maulidi na ngoma za akina mama kabla haijasikika katika siasa. Mwaka 1955 alikabidhiwa uongozi wa wanawake wa TANU, na akina mama wakaitikia wito wake kwa maelfu.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilirithi katiba ya mtindo wa Uingereza, yenye waziri mkuu nchini na Malkia ng'ambo. Mwaka mmoja baadaye ikawa jamhuri, na madaraka makubwa yakawekwa kwa Rais. Bibi Titi aliingia serikalini, na mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT.

Kisha ikaja Katiba ya Muda ya mwaka 1965, iliyoweka chama kimoja: TANU upande wa Bara, Afro-Shirazi upande wa Zanzibar. Lakini ushindani haukufutwa wote. Mkutano wa wilaya ulipendekeza majina, Halmashauri Kuu ikateua wawili, na mpiga kura akachagua kati ya jembe na nyumba. Septemba mwaka huo wapiga kura wa Rufiji, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Kibiti na Salale, walimwangusha Bibi Titi. Umaarufu wake wote haukumwokoa! Tunawapa heshima yao wapiga kura wale. Hata hivyo, kura yao iliweza kubadili mbunge tu, haikuweza kubadili chama.

Uzito wa jambo hilo ulionekana mwaka 1967. Azimio la Arusha lilipowakataza viongozi kupangisha nyumba, Bibi Titi alipinga, akajiuzulu. Angekwenda wapi, ilhali chama kingine hakikuwapo? Oktoba 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Alitoka mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais.

Alifariki dunia Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000, siku chache baada ya Watanzania kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa pili tangu vyama vingi viruhusiwe tena mwaka 1992.